Folio ya Saba

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Daladala niliyopanda Mbagala Rangi Tatu imenishusha karibu na chuo saa mbili na dakika arobaini, nimelowa hadi magotini. Masjala ilikuwa bado imefungwa. Ufunguo wa mlango wa ndani ulikuwa kwa mwenzangu, na mwenzangu amekwenda msibani Kisarawe. Ufunguo wa akiba upo, lakini unakaa kwenye droo ndani ya chumba hichohicho. Fundi amekuja saa nne na nusu, akabadilisha kitasa. Nimeandika kwenye daftari: kuanzia leo ufunguo wa pili ukae kwa mlinzi wa zamu, kwa kusaini.

Wa kwanza dirishani alikuwa mzee mmoja kutoka Mabwepande. Nimemwamkia, akaitikia, akaniambia ameondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa fundi sanifu wa maabara hapa chuoni tangu 1986, akastaafu 2023 alipotimiza miaka sitini. Mafao yake yamekwama kwa sababu barua ya ajira ya kwanza haimo kwenye jalada lake, na bila barua hiyo tarehe aliyoanza kazi haithibitiki. Nakala yake mwenyewe ilichukuliwa na maji huko Jangwani, katika mafuriko ya Desemba 2011, yaleyale yaliyomfanya yeye na majirani zake wahamishiwe Mabwepande. Nakala iliyobaki duniani ni ya kwetu.

Nimelitoa jalada. Folio ya kwanza, yaani karatasi iliyopewa namba moja, ni barua ya maombi. Ya sita ni cheti cha daktari. Baada ya sita inafuata ya nane, na ya nane inaanza kwa kurejelea barua ya ajira. Ya saba haipo.

"Mwanangu, hii ni mara yangu ya nne kuja," amesema.

Nimemwomba anipe hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Ameniachia namba ya simu ya mjukuu wake, akaondoka kabla mvua haijaongezeka.

Jumanne, 6 Mei

Nimeanza na rafu ya watumishi wa zamani, kuanzia ukutani. Rafu ya chini kabisa imeingiliwa na mchwa. Njia yao ya udongo imepanda kutoka sakafuni, ikapita nyuma ya kabati, na wamekula migongo ya majalada kumi na moja. Nimeyafungua yote. Tisa ni maombi ya chai na vitafunwa vya vikao vya mwaka 1994. Mawili ni ya watu. Yamekaa rafu moja miaka yote hii kwa kuwa hakuna aliyewahi kutenganisha karatasi ya chai na karatasi ya maisha ya mtu. Yale mawili nimeyafuta udongo na kuyahamishia juu. Folio ya saba sijaiona.

Jioni nimepita Tandika dukani kwa kaka. Anauza vifaa vya ujenzi, nami humsaidia hesabu siku mbili kwa wiki. Nimemkuta amesimamisha mauzo. Alikuwa amepoteza karatasi ya deni la mifuko arobaini ya saruji, na kwa bei yake ya elfu kumi na saba kwa mfuko, hiyo ni shilingi 680,000. Yeye, kijana wake wa duka na shemeji yangu wamemwaga droo mezani, wamefungua hata mifuko ya misumari. Karatasi imepatikana ndani ya kitabu cha risiti cha mwezi uliopita. Kaka ameibandika kwenye daftari la madeni, akaandika tarehe pembeni, kisha akafungua duka.

Ukutani kwake pameandikwa kwa rangi ya mafuta: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeyasoma maneno hayo tangu nikiwa mtoto. Leo nimeyawaza njia nzima hadi nyumbani. Kaka hakusomea utunzaji wa kumbukumbu. Mimi nimeusomea Tabora, Chuo cha Utumishi wa Umma, nina cheti. Lakini karatasi ikipotea dukani kwake, aliyeipoteza ndiye anayelipa, tena siku hiyohiyo. Karatasi ikipotea kwetu, mshahara wangu unaingia tarehe ileile, na wa mkuu wangu pia. Anayelipa ni mzee wa Mabwepande, na amelipa miaka miwili.

Jumatano, 7 Mei

Umeme umekatika saa tatu, ukarudi saa saba. Nimefanya kazi karibu na dirisha.

Jina la pili la mzee ni Mohamed. Nimeona huenda barua yake iliingizwa kwenye jalada la mtu mwingine, kwa hiyo nimetafuta majalada yote yenye jina hilo. Yameandikwa kwa namna nne: Mohamed, Mohammed, Muhamed na Muhammad. Mengine yamepangwa kwa jina la kwanza, mengine kwa jina la mwisho. Watumishi wa miaka ya karibuni wamepangwa kwa cheki namba, yaani namba ya utumishi ya kila mmoja, jambo ambalo lingetuokoa, ila wa zamani hawakuingizwa kwenye mpango huo. Makarani watatu walipita hapa kwa nyakati tofauti, kila mmoja akapanga kwa akili yake, na kila mmoja alipoondoka aliondoka na akili yake.

Nimekuta barua tatu zilizoingia majalada yasiyo yake. Mojawapo ni barua ya likizo ya uzazi ya mama mmoja, imekaa kwenye jalada la mwanamume. Zote nimezirudisha na kuandika kwenye rejista zilikotoka na zilikokwenda. Hakuna iliyokuwa folio ya saba.

Alhamisi, 8 Mei

Kampuni moja binafsi ya Mikocheni imepiga simu. Wanataka kuthibitisha shahada ya mtu wanayetaka kumwajiri. Dada aliyepiga amesema wanahitaji jibu ndani ya siku mbili, la sivyo watamchukua mwombaji mwingine. Nimemweleza kwamba barua yao lazima ipokelewe masjala, isajiliwe, ifungwe kwenye jalada, ipande kwa mkuu, ishuke kwa ofisi ya mitihani, kisha irudi njia ileile. Barua yao ya mwezi uliopita ilichukua siku tisa. Amenyamaza kidogo, akasema atasubiri. Barua yao ilipoletwa, nimeichukua mkononi, nikapanda nayo ngazi mwenyewe. Mkuu alikuwa kikaoni. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango hadi saa tisa na nusu, akatoka, akasaini.

Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo ameniuliza kwa nini sisi tusiende kasi kama wao. Nimemwambia aangalie kwanza nani anauliza nini. Kampuni inamuulizia mtu mmoja, wa sasa, kwa kazi ya mwezi ujao. Chuo cha umma kinaulizwa habari za watu wote waliowahi kupita, hata walipopita kikiwa na jina jingine. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 kikasimama peke yake. Sokoine ikatoka humo 1984, Muhimbili na Ardhi 2007. Mhitimu wa 1968 ana shahada yenye jina la chuo ambacho hakipo tena, na bado ana haki ya kupata mtu wa kumjibu.

Nimemweleza pia habari za 2017. Aprili mwaka ule Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti pale Chuo Kikuu cha Dodoma, na watumishi wa umma 9,932 wakaonekana wana vyeti vya kughushi. Watu wengi wanaikumbuka namba hiyo. Mimi nakumbuka foleni ya dirishani, watu wenye vyeti halali kabisa waliokuja wakitetemeka kwa sababu nakala zao zimepotea na hawajui kama sisi tunazo. Kumbukumbu ikitunzwa humfichua mwongo. Kazi yake kubwa zaidi ni kumlinda mkweli asiye na karatasi nyingine.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeambiwa majalada mengi ya zamani yalishaingizwa kwenye kompyuta miaka michache iliyopita, huenda folio ya saba imo. Nimekaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima. Picha zimo, nyingi sana, lakini kila moja ina jina la namba tu iliyotolewa na mashine: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mia kadhaa. Hakuna aliyeandika ni karatasi ya nani. Nimefungua picha 212 kabla ya adhuhuri. Nyingine zimepigwa zikiwa zimepinda, mstari wa chini umekatwa, na tarehe ndiyo huwa mstari wa chini.

Siipingi kompyuta. Serikali ina mfumo wa Ofisi Mtandao, na barua ikipita humo unaona iko kwa nani na imekaa siku ngapi. Hilo nalishukuru kila siku. Lakini skana huhamisha kilichopo. Jalada lililovurugika likipigwa picha, unapata vurugu ileile ndani ya kioo, na sasa unahitaji umeme ili kuiona.

Saa nane umeme umekatika tena. Nilikuwa picha ya 340.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Kurasini kumwona shoga yangu niliyesoma naye Tabora. Anatunza kumbukumbu kwenye kampuni binafsi ya uwakala wa forodha. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa mbele ya geti, nimevushwa kwa mkokoteni kwa shilingi mia tano.

Ofisi yake ni chumba kimoja na rafu nne. Kila mzigo una jalada lake. Linafunguliwa hati ya meli inapofika, linapokea fomu ya forodha, risiti za ushuru na kibali cha kutoa kontena, halafu linafungwa mzigo ukishamfikia mwenyewe. Mbele ya jalada kuna karatasi yenye orodha ya nyaraka kumi na mbili, na kila inayoingia inatiwa alama ya vema na sahihi. Nimemwuliza huwa wanapoteza karatasi mara ngapi. Amesema zinapotea, lakini haziwahi kulala. Kontena likipitisha siku za bure bandarini, gharama za kulihifadhi zinahesabiwa kila siku. Bosi anajua kabla ya jua kuzama karatasi iliyopotea ina thamani ya shilingi ngapi.

Majalada ya zamani wameyapeleka kwenye ghala la kukodi, na wanalipia kwa boksi, kila mwezi. Kwa hiyo kila Januari hukaa na wahasibu, wakauliza kila boksi: sheria bado inalidai? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inawataka watunze nyaraka kwa miaka mitano. Miaka ikitimia na kama hakuna kesi, wanaangamiza kwa mashine. Hawana jalada la chai ya 1994.

Nimetamani utaratibu wao. Kisha shoga yangu mwenyewe akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka sita kwenye kampuni nyingine, nayo ikafungwa. Mwaka jana alihitaji barua ya kuthibitisha utumishi wake. Ofisi ile sasa ni duka la vipuri. Mwenye kampuni alishahama nchi. "Wewe una mahali pa kwenda kulalamika," ameniambia. "Mimi sina hata mlango wa kugonga."

Kampuni hutunza kwa ukali kile inachokihitaji, kwa muda inaokihitaji. Chuo cha umma kimepewa kutunza kile ambacho mtu mwingine atakihitaji, siku ambayo haijulikani.

Jumapili, 11 Mei

Tandika. Kaka ameandikiwa na ofisi ya kodi aonyeshe risiti za mashine ya EFD za manunuzi yake ya 2022. Tumefungua boksi. Ameziweka kwa mwezi, zimefungwa kwa mpira, kazi nzuri. Lakini karatasi za mashine ile huandika kwa joto, na boksi lilikaa chini ya bati miaka mitatu. Risiti za Machi hadi Julai zimebaki nyeupe. Hazina jina wala kiasi.

Tumekaa kimya. Shemeji ameleta chai. Halafu tumepanga: kaka atawafuata wauzaji wake wakubwa wamtolee taarifa za mauzo, na kuanzia leo kila risiti ya manunuzi itatolewa kopi siku ileile kwenye steshenari ya jirani, kopi ibandikwe daftarini. Shilingi mia kwa kopi. Kaka amekubali bila ubishi.

Nimemwonyesha pia jinsi ya kuweka namba za folio, kila karatasi na namba yake juu pembe ya kulia, bila kuruka. "Faida yake nini?" ameuliza. Nimemwambia: ikitoka moja, pengo litasema.

Jumatatu, 12 Mei

Agizo limetoka: chumba cha nyuma kisafishwe kabla ya wageni wa ukaguzi. Nilipofika, mhudumu wetu alikuwa ameshatoa magunia mawili ya karatasi hadi varandani, tayari kuchomwa. Mtu aliambiwa asafishe, naye akasafisha. Nimemwomba asubiri. Nimekwenda kwa afisa utumishi na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya 2002, mkononi. Sheria hiyo inamwajibisha mkuu wa kila ofisi ya umma kwa kumbukumbu za ofisi yake, na kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Vyuo vikuu vya umma vimo. Afisa amesoma, amekubali, amesitisha.

Nimepekua magunia yote mawili nikiwa nimekaa sakafuni. Nimekuta stakabadhi za mafuta ya gari, magazeti, ratiba za vipindi, na chini kabisa kadi za usajili za wanafunzi wa miaka ya themanini, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kila kadi ina picha ya kijana. Baadhi yao sasa ni wazee wenye wajukuu. Tungezichoma kabla ya saa sita.

Nimekumbuka ziara yetu ya mafunzo Upanga, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa. Tulionyeshwa majalada ya utawala wa Wajerumani, yale ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1997 kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Karatasi zaidi ya miaka mia, zimeshonwa kwa uzi, namba za kurasa zinasomeka. Mtawala wa kigeni alitunza hesabu za kodi ya vibanda vya watu wetu kwa uzi na sindano. Sisi kadi za watoto wetu wenyewe tulizitia guniani. Hili limeniuma, na nimeliandika hivyo kwenye dokezo kwa mkuu.

Jumanne, 13 Mei

Nimeumwa mgongo kwa kukaa sakafuni. Nimekwenda kazini. Tumezifuta kadi vumbi, mimi na kijana wa mafunzo, tukaziweka kwenye maboksi saba. Tona ya printa imekwisha, kwa hiyo lebo tumeziandika kwa mkono.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi nimenunua karanga za mia mbili kituo cha Mwenge. Nimekula, nikakunjua karatasi. Ilikuwa orodha ya alama za mtihani, majina kamili, namba za usajili, alama za kila somo. Mwanafunzi wa tatu amepata D. Mimi abiria nisiyemjua, mwenye mafuta ya karanga vidoleni, nimejua.

Nimemrudia muuza karanga, nimemwamkia, nikamwuliza karatasi anapata wapi. Amesema ananunua kwa kilo kwa kijana anayepita, hajui zinatoka ofisi gani, na kwa kweli orodha ile haikuwa na jina la taasisi. Alikuwa na rundo lenye unene wa shubiri moja. Nimelinunua lote kwa shilingi elfu tatu na kumwachia magazeti ya zamani badala yake. Ameshukuru, magazeti yanafunga vizuri zaidi.

Ofisini nimelipitia rundo. Kulikuwa na alama za mitihani, fomu za wagonjwa wa zahanati fulani, na mikataba ya mkopo ya kampuni fulani binafsi yenye namba za simu za wadhamini. Umma na binafsi wamelala pamoja kwenye rundo moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023 na inazibana pande zote mbili. Nimeandika taarifa, nimeikabidhi. Rundo nimelifungia kabatini hadi nielekezwe.

Alhamisi, 15 Mei

Kesho ndiyo siku niliyomwahidi mzee. Nimewaza upya. Nilikuwa nikitafuta karatasi. Nilipaswa kutafuta safari ya jalada.

Nimepanda juu ya kiti, nimeteremsha madaftari ya mwenendo wa majalada, yale yanayoandika jalada limekwenda kwa nani na limerudi lini. La 1986 lina jalada gumu la bluu, limeliwa pembe moja. Kiti kimevunjika mguu nilipokuwa nashuka. Daftari halikuanguka.

Mwandiko ni wa wino mweusi, umesimama wima. Tarehe 3 Machi 1986 jalada la mzee, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitatu, limekwenda Uhasibu. Limerudi tarehe 2 Aprili. Barua ya ajira ilipotoka katikati ya Machi, jalada lenyewe halikuwepo masjala. Karani angefanya nini? Tulifundishwa Tabora: jalada likiwa nje, unafungua jalada la muda, unaweka barua humo, na likirudi unaunganisha.

Majalada ya muda yalikuwa wapi? Nimempigia simu karani mstaafu aliyenipokea kazini. Anaishi Yombo, anafuga kuku. Amecheka kwa furaha kusikia naulizia 1986. Amesema yalikuwa yakikaa kwenye kabati la chuma la kijani. Kabati la kijani sasa liko stoo ya vyombo vya michezo. Nimekwenda na kijana wa mafunzo, tumeondoa nyavu za mpira wa wavu, tumefungua droo ya tatu kwa bisibisi.

Limo. Jalada jembamba, jina lake, na ndani karatasi moja. Juu pembe ya kulia, kwa wino uleule mweusi: 7.

Nimekaa juu ya boksi la mipira nikaitazama. Karani yule alijua jalada kuu limeishia sita. Barua hii akaipa namba yake, saba, na jalada kuu liliporudi, barua iliyofuata akaiandika nane, akiacha nafasi ya hii. Kitu kimoja tu hakikufanyika, kuunganisha. Labda aliumwa, labda alihamishwa siku ile. Lakini alikuwa ameacha pengo kwa makusudi, ili atakayekuja ajue kuna kitu cha kurudishwa. Miaka thelathini na tisa pengo lile limekuwa likisema. Hakuna aliyekuwa akimdai, wala hakuna shilingi ambayo angeipoteza. Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee amefika saa tatu, amevaa shati jeupe, amekuja na mjukuu. Nimemwonyesha barua. Ameisoma yote, polepole, hadi sahihi. Amesema aliyesaini ameshatangulia mbele ya haki.

Mashine ya kopi imekwama karatasi mara mbili. Muhuri wa kuthibitisha nakala ulikuwa kwa afisa, na afisa alikuwa amekwenda swala ya Ijumaa. Tumesubiri. Nimemnunulia mzee chai na chapati kwa mama lishe wa nje ya geti. Saa nane na robo nakala tatu zimegongwa muhuri, mzee amesaini kuzipokea, na barua halisi nimeirudisha kati ya sita na nane.

Nimewaza wiki hizi mbili, duka la kaka, rafu nne za Kurasini, na masjala yetu. Biashara binafsi hutunza karatasi kwa hofu ya hasara, na hofu hiyo ina kazi nzuri. Chuo cha umma hakina hofu hiyo, kwa kuwa hasara inakwenda kwa mtu aliye nje ya dirisha. Kwa hiyo lazima kitunze kwa utaratibu, kila siku, hata siku ambayo hakuna anayeuliza. Naomba wakuu wa vyuo vyetu mambo manne yasiyohitaji mfadhili: rafu ya chini isikae sakafuni, kila jalada linalotoka liandikwe, kila jalada la muda liunganishwe kabla ya mwezi kwisha, na kila mwaka tutenganishe karatasi za chai na karatasi za watu, kwa kibali kinachotakiwa. Na wewe unayesoma, kama uliwahi kusoma au kufanya kazi popote, toa kopi ya barua yako ya kwanza leo, uiweke kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine usiofikiwa na maji.

Jalada la mzee limerudi rafu ya juu saa tisa alasiri. Lina folio moja hadi themanini na tatu, na hakuna iliyoruka.